Bamba la Saba

Mliniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukitengeneza gesi kwa umeme pale Mbeya miaka ya hamsini, kabla mitungi ya chuma haijaanza kuletwa kwa lori kama soda. Nimekubali, ila niwaonye mapema. Shule yangu iliishia darasa la nne, na niliyoyajua juu ya mtambo ule niliyajua kwa mkono, siyo kwa kitabu. Hesabu za gesi mnazo nyinyi mliosoma. Mimi nina madaftari matatu yaliyoliwa na mende pembeni, na kuna mahali daftari linasema hivi na kichwa changu kinasema vile. Ikitokea hivyo nitawaambia, mchague wenyewe.

Gereji yetu ilifufua betri za malori. Ndani ya betri kuna vipande vya risasi ambavyo lazima viunganishwe kwa moto, na risasi ni kama mtoto mgonjwa, haitaki moto mkubwa wala moto mchafu. Moto unaoifaa ni wa haidrojeni na oksijeni, mdogo, mwembamba kama sindano. Gesi hizo tulizitoa kwenye maji. Injini ya dizeli ilizungusha dainamo, dainamo ikapeleka umeme kwenye mtambo, na mtambo ukayapasua maji.

Mtambo wenyewe ulikuwa mabamba kumi na mawili ya chuma, yamesimama yamebanana kama vitabu kwenye rafu. Kati ya bamba na bamba kuna kitambaa cha asbesto na mpira wa kuzuia kuvuja, na bolti nne ndefu zinabana vyote kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani ni maji yenye kostiki, ile magadi kali ya kutengenezea sabuni. Umeme unaingia bamba la kwanza, unapenya yote, unatokea la mwisho. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kila bamba la kati lina nyuso mbili na kila uso una gesi yake. Uso wa mbele unatoa oksijeni, wa nyuma unatoa haidrojeni. Sisi tulisema nzito na nyepesi, na nitaendelea kusema hivyo.

Kichwani pa kila bamba palikuwa na matundu mawili, katikati kabisa, moja juu ya jingine. La juu ni njia ya nyepesi, la chini ni njia ya nzito. Kwenye kila uso kulikuwa na mfereji mdogo, mwembamba kama utambi wa koroboi, unaopeleka gesi ya uso huo kwenye tundu lake. Na hapo ndipo ubaya wa mtambo ulipokuwa. Kwa kuwa matundu yalikuwa katikati, ukiligeuza bamba, mbele likawa nyuma, matundu bado yanalingana. Bolti zinaingia. Hakuna kinachovuja. Injini inanguruma na mapipa ya gesi yanajaa. Mtambo haukuambii kitu. Lakini bamba lile moja linapeleka nyepesi kwenye njia ya nzito, na nzito kwenye njia ya nyepesi.

Aliyenifundisha haya ni Fundi Shomari. Alizaliwa Pangani, akapanda bara na kazi za barabara, akaoa Iringa, akaishia Mbeya akilalamikia baridi. Asubuhi za mwezi wa sita, ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza mpaka mlangoni, alikuwa akivaa makoti mawili na kilemba juu ya kofia. Mimi nilimfikia nikiwa mtu mzima mwenye mke, nimetoka Iringa kwetu Kalenga, nikidhani najua chuma kwa sababu nilishafunga matairi. Tangu siku ya kwanza hakuniita jina. Aliniita Mhehe.

Kulikuwa na kipimo cha nyepesi. Unakinga gesi kwenye chupa ndogo iliyopinduliwa, unaisogeza kwenye moto. Ikiwa safi inawaka kimya, "puu", kama mtu anayezima mshumaa. Ikiwa imechanganyika na hewa inabweka, "kwa!" Siku ya kwanza ilipobweka mkononi mwangu niliiangusha chupa.

"Mhehe, huyo mbwa analia," akasema Fundi. "Usimle, hajaiva."

"Afadhali mbwa, Fundi. Nyie wa pwani mnakula samaki wa ng'onda ananuka mpaka Tukuyu."

"Ng'onda hanuki. Pua yako ndiyo ya kijijini."

Tulikuwa hivyo, yeye akinitania kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa. Nayaandika haya ya kucheka kwa sababu yalikuwepo, na nisipoyaandika mtadhani tulikuwa watu wa huzuni tangu mwanzo.

Mambo mengine madogo, maana huenda yakawafaa. Kostiki ikikugusa haiumi hapohapo, inateleza tu kama sabuni. Ukisikia vidole vinateleza kazini, kimbilia maji mengi, usisubiri uchungu. Na maji ya mtambo yawe ya mvua, tena siyo mvua ya kwanza inayosafisha bati. Mimi nilipelekwa Iringa kuwasha mtambo mdogo wa mabamba sita, mapipa ya mvua nikayakuta matupu, nikaona uvivu kungoja, nikatia maji ya kisima. Kwa wiki mbili nikasifiwa. Wiki ya tatu mifereji ikaziba kwa chumvi na mtambo ukatoa povu mpaka sakafuni. Fundi alisafiri kutoka Mbeya kuja kuufungua. Hakunigombeza. Alichukua kijiti akakwangua mfereji mmoja, akanionyesha unga mweupe kwenye kucha yake, akasema, "Onja kisima chako." Nikaonja.

Basi, mapengo. Fundi Shomari hakusoma herufi za kizungu. Kila bamba alilikata kwa tupa pengo dogo, ukingo wa juu, upande wa kushoto ukilitazama kwa mbele. Ukiyapanga yote sawa, mapengo yanafanya mstari mmoja ulionyooka, na yeye alikuwa akipitisha kidole juu yake kutoka bamba la kwanza mpaka la kumi na mbili, amefumba macho. Pengo likikosekana mahali pake, bamba limegeuka. Mimi niliona ni ushamba. Nikaandika namba kwa rangi nyeupe, moja hadi kumi na mbili, kila namba kwenye uso wa mbele, nikamwita tajiri, mwenye gereji, aje aone. Tajiri akafurahi. Kostiki ikazila namba zangu zote kabla mwezi haujaisha.

"Tisa iko wapi, mwalimu?" Fundi akaniuliza, ameinua bamba jeusi pande zote.

Nikaacha rangi, nikajifunza kidole.

Sasa nafika ninapoogopa. Bamba la saba lilipata ufa. Tulikuwa na la akiba, lililotoka kwenye mtambo mwingine uliokufa, halina pengo. Fundi akanipa nilikate. Daftari linasema ilikuwa Jumanne, mimi nakumbuka Jumatano. Nililitazama mifereji, nikaujua uso wa mbele, nikalibana kwenye jiliwa la mezani uso ukinielekea, pengo likatwe kushoto. Hapo nikaitwa kusukuma lori lililozimika mlangoni. Niliporudi, wenzangu walikuwa wameweka giaboksi pale nilipokuwa nimesimama. Nikazunguka meza, nikasimama upande wa pili, nikashika tupa, nikakata kushoto.

Kushoto kwangu. Nyinyi mmeshaelewa. Mimi siku ile sikuelewa, na pengo lilitoka zuri, nikalisafisha chembe zake kwa msasa.

Siku iliyofuata tukaufunga mtambo. Mimi nilikuwa nampa bamba, yeye anapanga. Alipofika la saba kidole chake kilisimama kidogo. Naapa kilisimama, au labda ni mimi ninayekisimamisha leo kwa kukumbuka. Akasema, "Pengo lako ni kali, Mhehe, litanichana." Akaendelea mpaka la kumi na mbili. Mstari ulinyooka.

Nataka niwe wa haki kwa kila mtu. Fundi angeweza kutazama mifereji. Hakutazama, maana kwa miaka kidole hakikumdanganya, na macho yake ya karibu yalikuwa yameanza kuchoka. Tajiri angeweza kutuachia siku nzima ya kujaribu mtambo. Hakutuachia, maana malori ya mashamba ya chai yalikuwa yamepanga foleni na wenyewe wanapiga kelele. Na sisi sote, kila mtu pale, tulikuwa na desturi moja. Tulipima nyepesi tu. Nzito hatukuipima, kwa sababu oksijeni haiwaki, sasa mbwa atatoka wapi? Siku ile tulikinga nyepesi kwenye chupa, ikawaka kimya, "puu". Kwenye nyepesi uchafu wa bamba moja ulikuwa mdogo, haukutosha kubweka. Kwenye nzito ulitosha. Hilo nilielezwa miaka mingi baadaye na mtu aliyesoma, nikamwomba arudie mara mbili.

Hata hivyo, ukiondoa tajiri, ukiondoa desturi, ukiondoa macho ya Fundi, tupa ilikuwa mkononi mwangu.

Fundi aliwasha moto wa kuchomea kesho yake, saa tatu hivi asubuhi. Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yake na betri mkononi. Moto ukarudi ndani ya bomba la mpira la nzito, ukakimbia mpaka kwenye pipa, lile lililopinduliwa ndani ya maji kuhifadhi gesi. Sikusikia mlio. Nilisikia kifua kikisukumwa, nikaona pipa liko juu ya bati na mvua ya maji ikitunyeshea. Fundi alikuwa amekaa chini, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri chakula. Damu ilitoka masikioni. Jicho la kulia sitalieleza.

Tajiri mwenyewe alimbeba, akampeleka hospitali kwa gari lake, nguo zote zikaharibika. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya, na si yote yalikuwa kweli.

Mtambo wenyewe haukupasuka. Nikaambiwa niufungue nione kilichotokea. Nilifungua peke yangu, kabla sijalegeza bolti nikapitisha kidole. Mstari ulinyooka, mapengo kumi na mawili. Nikashukuru Mungu. Kisha nikatoa la kwanza, la pili, nikafika la saba, nikatazama mfereji. Mfereji wa mbele ulikuwa nyuma.

Nililigeuza mkononi mara nyingi sana. Pengo lilikuwa mahali pake na bamba halikuwa mahali pake. Nimejaribu maisha yangu yote kutafuta maelezo mengine ya jambo hilo, na sijapata.

Tajiri akaja.

"Umeona nini?"

"Bamba la saba limegeuka, bwana."

"Limegeuka vipi?"

"Mbele limekuwa nyuma."

"Nani alipanga?"

Nikaliweka bamba mezani. Akauliza tena.

"Fundi Shomari, bwana. Mimi nilikuwa nampa."

"Si nilisema!" Akapiga meza. "Kazi ya sayansi unampa mtu asiyejua kusoma!"

Hayo ndiyo maneno yangu yote, nimeyanakili kutoka kwenye daftari kama nilivyoyaandika jioni ileile. Yasomeni neno moja moja. Hakuna la uongo. Ndiyo maana yanatisha. Na hata hilo la kusoma, Fundi alikuwa akisoma vizuri kwa herufi za kiarabu, alimwandikia mkewe barua kila Ijumaa. Sikulisema hilo pia. Nikachukua tupa, nikakata pengo jipya upande wa pili, la zamani nikalijaza risasi, nikalipiga msasa. Walipoingia wengine, bamba lilikuwa safi. Mimi nikapewa mtambo.

Mbeya nzima, ya watu wa chuma, ikajua kwamba Shomari wa Pangani alipofusha jicho lake kwa uzembe. Madereva walilisimulia mpaka Chimala. Kulikuwa na fundi mmoja aliyewatisha wanafunzi wake kwa jina hilo, "Mnataka kuwa Shomari?" Nilisimama pale nikalisikia. Nikachukua spana niliyoifuata, nikaondoka.

Tangu siku ile nilipima nzito na nyepesi kila asubuhi, na bamba nililitazama mfereji kwanza, kidole baadaye. Hilo mlichukue. Kama kuna faida ya kunisoma ni hiyo, na mngeweza kuishia hapa.

Mwaka wa tatu nikashindwa kuibeba siri ile. Nikaomba ruhusa, nikapanda lori la Iringa, alikorudi Fundi kwa mkewe, na mfuko wa mchele nilionunua Chimala, kwa sababu huendi mikono mitupu kwa mtu unayekwenda kumwambia jambo kama lile. Njia nzima nilipanga maneno. Nilitaka kumwambia pembeni, chini kwa chini, sisi wawili. Baadaye, akinipa ruhusa, ningekwenda kwa tajiri.

Niliwakuta uani, mtaa wa Mlandege. Fundi amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi, shati jeupe, kofia ya kufuma. Mkewe, Bi Zuhura, Mhehe mwenzangu, akaniona kwanza.

"Kamwene!"

"Kamwene, mama. Shikamoo, Fundi."

Fundi hakuitika. Bi Zuhura akainama akaweka mdomo kwenye sikio lake la kushoto, "Mhehe wako amekuja!" ndipo akainua uso, akacheka, akanishika mikono yote miwili.

Sikuwa nimeambiwa kwamba uziwi ulikuwa umezidi kiasi hicho. Kila neno lilipitia kwa mama. Nikaona mpango wangu wa chini kwa chini hauwezekani, na nikaona nikirudi bila kusema sitakuja tena. Nikamwambia yule mama, Fundi akitutazama midomo:

"Mwambie, mama, pengo la bamba la saba nililikata mimi, na nililikata upande usio wake. Yeye alipanga sawasawa."

"Bamba la nini? Sema taratibu."

"Kosa lililomuumiza ni langu, mama. Siyo lake. Mwambie."

Hilo alilielewa. Akachukua hindi moja. Kisha akainama sikioni. "Anasema Mbeya mahindi yamekubali mwaka huu!"

"Alhamdulillahi!" akasema Fundi, kwa sauti kubwa.

"Mama..."

"Usinikodolee macho. Ana jicho moja lakini linaona." Akaendelea kupukuchua, anaongea kama anayehesabu punje. "Mwaka mzima huyu alikuwa hali. Nani kaniharibia, nani kaniharibia. Akamlaani tajiri, akamlaani mtu wa dizeli, akasema majini, akasema mimi. Siku moja akaniambia, Zuhura, ni mkono wangu mwenyewe. Siku hiyo akala. Akaanza kutoka, anakwenda msikitini. Sasa wewe umekuja kumpa nini?"

"Haki yake, mama. Huko Mbeya jina lake..."

"Mbeya hatukai."

"Lakini ni kweli, mama."

"Ni kweli. Umeniambia, nimesikia, nitakaa nayo mimi. Unataka kupumua, mwanangu. Kapumulie kwingine."

Sijui kama alikuwa na haki ya kunizuia. Nimempima kwa miaka na simwoni na kosa. Ila naona pia kwamba ningeweza kuinama mimi mwenyewe, sikio lilikuwa palepale, na sikuinama.

"Mnanong'ona nini?" Fundi akasema. "Zuhura, lete chai, mtu katoka safari."

Mama akasita, akanitazama, akaingia ndani. Fundi akavuta kigoda chake mpaka magoti yetu yakagusana.

"Nimekungoja sana, Mhehe," akasema, na kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe, alisema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. "Siku ile ulikuwa hatua tatu nyuma yangu. Mkeo alikuwa na mimba. Ungekufa ningemwambia nini? Mkono wangu uliniongopea. Nimekukosea, baba. Niambie kama umenisamehe. Uniambie wewe, nisikie mwenyewe, siyo kwa mdomo wa Zuhura."

Akanigeuzia sikio.

Nikainama. Nikasema, "Nimekusamehe, Fundi."

"Nini?"

"Nimekusamehe."

"Sikusikii, Mhehe. Paza."

Nikasimama, nikaweka viganja mdomoni, nikapaza sauti yote niliyokuwa nayo. Wanawake waliokuwa bombani wakageuka. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama, akatutazama, akamtikisia Fundi kichwa kwa huruma, kama unavyomtikisia mzee aliyefanya makosa akabahatika kusamehewa.